Sakafu ya mbao imechakaa: maswali ya kujibu kabla ya kukodi mashine ya msasa

Wasomaji wengi waliotuandikia safari hii wanauliza vanishi ipi ni bora. Tumeanza na maswali yanayotangulia hilo, kwa sababu vanishi ghali ikipakwa juu ya kazi mbovu ya msasa hubambuka sawasawa na ile ya bei poa.

Sebule yangu ina sakafu ya mbao ngumu. Imepauka mlangoni na kwenye njia ya kupitia, lakini chini ya makochi bado inang'aa. Fundi ananiambia ni lazima yote ipigwe msasa hadi mbao tupu. Ni kweli?

Huenda si kweli, na usikubali kabla ya kupima. Dondoshea matone machache ya maji pale palipochakaa zaidi, usubiri dakika tano. Maji yakituama juu, vanishi bado ipo, hata kama imekwaruzika. Yakinywewa na mbao ikaacha alama nyeusi, hapo vanishi imekwisha. Angalia pia rangi: mbao iliyogeuka kijivu imekwisha kuingiwa na uchafu na maji, na ukipaka vanishi juu yake utakuwa umeufungia ukijivu ndani.

Kama hakuna kijivu na maji yanatuama, inatosha kukwaruza vanishi ya zamani na kupaka mkono mmoja au miwili mipya. Kwanza hakikisha hakuna nta. Lowanisha kitambaa cheupe kwa tapentaini na usugue kona moja. Kikitoka na utelezi wa njano au kahawia, sakafu ilipigwa nta, na vanishi haishiki juu ya nta. Hapo utalazimika kuiondoa nta yote au kurudi mbao tupu. Kama kitambaa ni safi, osha sakafu kwa dawa isiyoacha mafuta, iache ikauke, kisha isugue kwa msasa wa wavu namba 120 hadi 150 (namba ikiwa kubwa, msasa ni laini zaidi) mpaka mng'ao wote ufe. Sehemu yoyote inayong'aa bado haijakwaruzwa, na ndipo vanishi mpya itakapoachia. Vuta vumbi, futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha paka.

Usianze na chumba kizima. Paka kipande cha sentimita 30 kwa 30 nyuma ya mlango, kiache siku mbili, halafu kikwaruze kwa ukingo wa sarafu. Kikitoa unga mwembamba, endelea. Kikitoka maganda, kuna kitu kati ya tabaka hizo mbili, na ni afadhali ukijue hapo nyuma ya mlango.

Nyumba tuliyonunua ni ya zamani. Nitajuaje kama sakafu bado ina unene wa kuvumilia msasa mwingine?

Ng'oa ubao wa kizingiti au kipande cha skatingi mahali ambapo ncha ya mbao inaonekana, upime. Sakafu ya mbao nzima kwa kawaida ina unene wa milimita 19 hivi, lakini usidanganywe na namba hiyo. Mbao inayotumika ni ile iliyo juu ya ulimi unaoingia kwenye mfereji wa ubao wa jirani, nayo sakafu ikiwa mpya ni kama milimita 6 tu. Msasa kamili hula kati ya nusu milimita na milimita moja, na fundi asiye na mkono mwepesi hula zaidi. Ukikuta zimebaki chini ya milimita 2 juu ya ulimi, achana na mashine. Dalili nyingine ni vichwa vya misumari vilivyoanza kuchungulia, na kingo za mbao zinazochanika vipande virefu vyembamba.

Sakafu ya tabaka, yaani mbao halisi iliyogundishwa juu ya plaiwudi, hutegemea tabaka lake la juu. Kuna za milimita 6 na kuna zisizofika hata milimita 1. Chini ya milimita 2 usiingize mashine kubwa kabisa. Na kama ukitazama ncha unakuta picha ya mbao iliyochapwa juu ya ubao wa unga, hiyo haina cha kupigwa msasa.

Jambo jingine kuhusu nyumba za zamani: rangi na vanishi za miaka ya nyuma zinaweza kuwa na madini ya risasi, na gundi nyeusi iliyobaki chini ya vigae vilivyong'olewa inaweza kuwa na asbesto. Vyote viwili huwa hatari zaidi vikigeuzwa vumbi. Kapimishe kwanza.

Nilikodi mashine nikapiga msasa mwenyewe. Mchana ilionekana safi, lakini baada ya vanishi nikaona mabonde, mikwaruzo ya duara pembeni mwa kuta na mistari mirefu katikati. Nilikosea wapi?

Hizo ni kasoro tatu, na kila moja ina chanzo chake.

Mabonde hutokana na mashine ya ngoma kugusa mbao ikiwa imesimama. Ngoma inayozunguka huchimba kwa sekunde moja tu. Anza kutembea kwanza, ndipo uishushe taratibu. Ukifika mwisho, iinue kabla hujasimama. Nenda mbele kufuata urefu wa nyuzi, rudi nyuma kwenye mstari uleule, kisha sogea kando kwa nusu ya upana wa ngoma. Maliza theluthi mbili za chumba, geuka, ufanye theluthi iliyobaki kutoka upande wa pili, na mahali pa kukutania papishane kwa sentimita 60 hivi, bila kuinulia ngoma kwenye mstari mmoja kila mara. Kama mbao zimepishana kimo, mkondo wa kwanza unaweza kwenda mshazari kidogo, lakini misasa yote inayofuata ifuate nyuzi.

Mistari mirefu ni mikwaruzo ya msasa mzito ambayo msasa uliofuata haukuifuta. Kila namba ina kazi ya kuondoa mikwaruzo ya namba iliyotangulia, na ukiruka kutoka 40 hadi 100 unang'arisha migongo ya mikwaruzo huku mashimo yake yakibaki. Mfuatano wa kawaida ni 36 au 40, kisha 60, kisha 80, na kumalizia 100. Sakafu ambayo haijaharibika sana ianze na 60. Vuta vumbi kila unapobadilisha msasa, maana chembe moja ya namba 36 ikinaswa chini ya namba 80 inachora mstari chumba kizima. Badilisha msasa unapoona haukati tena. Uliolika hupasha mbao moto na kuifunga vinyweleo. Kwa sababu hiyohiyo hatushauri kupita 120 kwenye mbao tupu: inapendeza kuishika, lakini rangi ya mbao inakataa kuingia.

Mikwaruzo ya duara ni ya mashine ndogo ya kingo. Wengi hupiga katikati ya chumba kwa namba zote, halafu pembeni wanapitisha namba moja tu wakidhani haitaonekana. Kingo zifuate mfuatano uleule wa katikati, na mashine isikandamizwe. Uzito wake unatosha. Kona ambazo haifiki zikwanguliwe kwa kikwangulio kikali, kufuata nyuzi, kisha msasa wa mkono. Mwisho kabisa pitisha mashine ya duara yenye msasa wa wavu namba 100 au 120 chumba kizima ili katikati na pembeni pafanane.

Kabla ya haya yote, misumari ipigwe kwa panchi hadi izame milimita 3 chini ya uso wa mbao. Msumari mmoja unachana msasa na kurusha cheche.

Kwa nini hukuyaona mchana? Mwanga wa juu huficha. Kabla ya vanishi, funga mapazia, laza tochi sakafuni imulike mlalo, utembee nayo. Kila kasoro itatoa kivuli. Kwa sasa dawa ni kurudia, lakini si lazima urudi 36; kama mabonde si ya kina, anza na 60.

Na lile vumbi: usiache mfuko wake ndani ya nyumba usiku. Vumbi la mbao lililochanganyika na vanishi ya zamani linaweza kujipasha moto na kuwaka lenyewe. Mwaga nje, kwenye chombo cha bati, kila mfuko ukijaa theluthi. Ukiwa kazini vaa barakoa ya kuchuja vumbi laini. Shirika la Afya Duniani, kupitia taasisi yake ya utafiti wa saratani, limeliweka vumbi la mbao kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Kuna doa jeusi mahali palipokuwa na chungu cha maua, na jingine la mkojo wa mbwa. Msasa umeshindwa kuyatoa. Nifanye nini?

La chungu cha maua lina matumaini. Mbao kama mwaloni ina tanini, kemikali yake ya asili, na tanini ikikutana na maji na chuma hutoa weusi. Asidi ya oksaliki huuvunja. Yeyusha gramu 80 hadi 100 kwenye lita moja ya maji ya moto, ndani ya chombo cha plastiki, ukiwa na glovu na miwani. Paka juu ya mbao tupu, na upake ubao mzima kutoka kiungo hadi kiungo. Ukipaka doa peke yake utabaki na duara jeupe. Likififia lakini bado lipo, rudia siku ya pili. Fuwele nyeupe zitakazobaki ni sumu, hivyo usizifagie wala kuzipiga msasa zikiwa kavu. Zioshe kwa maji mara mbili tatu, kisha kwa maji yenye vijiko viwili vya magadi ya kuokea kwa lita, kisha maji matupu. Iache ikauke siku mbili au zaidi, upitishe msasa mwepesi kwa sababu nyuzi zitakuwa zimesimama.

Mkojo ni habari nyingine. Huzama ndani sana na kubadili mbao yenyewe, na harufu hurudi siku za unyevu. Jaribu asidi mara moja. Ikishindikana badilisha ubao, ukiutoa mwingine chini ya kabati la ukutani au mahali pengine pasipoonekana ili rangi zifanane.

Vanishi ya maji au ya mafuta? Na ninunue lita ngapi kwa chumba cha mita za mraba 20?

Kwa poliurethani, yaani vanishi ngumu ya sakafu, iwe ya maji au ya mafuta, hesabu ni lita moja kwa mita za mraba 10 kwa mkono mmoja. Mita 20 kwa mikono mitatu ni lita 6. Ongeza lita moja kwa sababu mkono wa kwanza hunywewa. Lakini soma kopo, maana baadhi ya za maji zinataka mikono minne.

Ya mafuta huipa mbao wekundu wa asali unaozidi kukolea na miaka, harufu yake ni kali, na kila mkono husubiri saa 12 hadi 24. Ya maji haibadili sana rangi, hukauka kwa saa 2 hadi 4, na kazi yaweza kwisha kwa siku moja au mbili. Kama mnalala ndani ya nyumba hiyohiyo, tungechagua ya maji bila kusita. Mbao zenye mafuta ya asili, kama mtiki, zifutwe kwa asetoni na kupakwa mara tu inapokauka, la sivyo vanishi inakataa kushika.

Koroga kopo taratibu, usilitikise; viputo vinavyoganda juu ya sakafu mara nyingi vimeanzia hapo. Paka pembeni kwa brashi, kisha katikati kwa rola au pedi, kuelekea mlangoni, na kila mstari ukutane na uliotangulia ukiwa bado mbichi. Usirudie kupaka palipoanza kushika. Kati ya mikono, msasa namba 220 kwa wepesi, vuta vumbi, futa. Soksi zinaweza kupita baada ya siku moja. Fanicha zisubiri siku tatu au nne na zibebwe, zisiburutwe. Zulia lisubiri wiki moja hadi mbili kwa ya maji, na hadi mwezi kwa ya mafuta.

Vitambaa vyenye mafuta ya kitani au rangi ya mbao ya mafuta visikunjwe wala kutupwa kwenye pipa: hujiwasha vyenyewe. Vitandaze nje vikauke au vizamishe kwenye maji.

Mbao zimeinuka kingo na kubonyea katikati. Nizipige msasa ziwe sawa? Na mapengo je, yazibwe?

Usiguse msasa kwa sasa. Kingo zikiinuka, upande wa chini una unyevu kuliko wa juu: bomba linavuja, ardhi chini ya sakafu ina maji, au ilioshwa kwa ndoo. Ukizisawazisha zikiwa hivyo, zikikauka kingo zitashuka na katikati kutabaki kumeinuka, na mbao uliyoipoteza hairudi. Tafuta maji yanakotoka, yazuie, usubiri. Kabla ya kurudi kwenye msasa, kwa mbao nyembamba, zenye upana chini ya sentimita 7.5, kipima unyevu kisionyeshe tofauti inayozidi asilimia 4 kati yake na ubao wa msingi ulio chini ya sakafu. Kwa mbao pana isizidi asilimia 2. Nyingi hurudi zenyewe ndani ya miezi kadhaa.

Mapengo yanayofunguka msimu wa ukavu na kujifunga wakati wa unyevu yaache. Puti itabanwa, itapasuka na kutoka vipande. Yale yasiyobadilika mwaka mzima yazibwe kwa vumbi laini la msasa wa 80 la mbao ileile, likichanganywa na gundi maalumu ya kujazia hadi liwe kama uji mzito, kabla ya msasa wa mwisho. Pengo linalozidi milimita 4 hivi linahitaji ufito wa mbao uliochongwa na kugundishwa upande mmoja tu, ili mbao zibaki na nafasi ya kutanuka.