Mama anainama upande akinyanyuliwa

SWALI: Assalaam aleikum, Bi Muuguzi. Mamangu alipata kiharusi akapooza upande wa kulia. Kakangu aliye Ujerumani ametuletea mashine ya kumnyanyulia pamoja na mbeleko yake ya nailoni. Ina mikanda minne, na kila mkanda una vitanzi vya rangi tatu. Kila tukimwinua, mama anainama upande mmoja na kuteleza chini, analia. Sasa tumerudia kumbeba kwa leso, watu wanne. Tunakosea wapi? Binti, Kisauni.

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Leso muiache leo hii. Pamba ile nyembamba huchanika ghafla, na kwa joto letu mikono ya wabebaji imejaa jasho.

Kuinama kwake kwanza. Tazameni rangi. Ukitundika kitanzi cha kijani bega la kushoto, la kulia nalo liwe kijani. Na miguu vivyo hivyo, rangi moja kulia na kushoto. Kosa hili nimelifanya mwenyewe, kwa mzee mmoja Majengo, mbele ya mkewe. Aliinama kama mtungi uliokatika kamba upande mmoja. Kwa rehema ya Mungu alikuwa hajapita godoro, nikamshusha. Tangu siku hiyo, mikanda ikishakaza na mgonjwa angali kitandani, nasimamisha mashine na kushika kila kitanzi kwa mkono, kimoja kimoja. Ndipo naendelea.

Kuteleza ni jambo jingine. Huenda mbeleko ni kubwa kuliko mama (someni kibandiko: saizi na uzito inaoweza kubeba), au mmeivalisha juu mno. Mlazeni chali, kisha mgeuzeni ubavu. Mkono uliopooza msiuvute hata kidogo, bega lile huteguka upesi. Mwekeeni juu ya kifua na mlisukume bega na nyonga kwa viganja. Ikunjeni mbeleko nusu kwa urefu, mstari wa katikati ufuate uti wa mgongo, ukingo wa chini ufike kwenye kifandugu. Mgeuzeni upande wa pili, mvute nusu iliyobaki.

Halafu miguu, na hapa ndipo wengi huharakisha. Kila bawa, yaani kipande cha mbeleko kinachoshika mguu, lipite chini ya paja, si chini ya goti, bila kukunjika, kwa sababu kunjo dogo la nailoni huchuna ngozi ya mtu mzima. Kisha mkanda mmoja mpitishe ndani ya kitanzi cha mwenziwe katikati ya mapaja. Msipopishanisha hivyo, mapaja huachana na mama ataporomoka katikati.

Kiti cha magurudumu mkifunge breki. Mashine yenyewe, kama kitabu chake hakikukataza, iacheni wazi ijisogeze chini ya uzito. Awepo mtu wa pili kushika mbeleko mgongoni. Akishaketi, itoeni, akishinda juu yake, vidonda vya kukalia vinamsubiri.

Msiifue kwa dawa ya kung'arisha nguo, na muianike kivulini. Uzi ukiachia kwenye mshono wowote, msiitumie tena.

Ile leso mfunikeni nayo mapajani kabla hamjamwinua. Huenda mama analia kwa maumivu, huenda kwa kukosa sitara mbele ya wanawe. Muulizeni.