Kabla hujaprogramu sensa ya tairi

Mdogo wangu unayeanza kazi hii, mashine ya kuprogramu sensa za upepo, vile vifaa vya ndani ya rimu vinavyopima upepo wa tairi na kulipasha gari habari kwa redio, isikutie haraka. Kuprogramu kwenyewe ni dakika chache tu. Kinachokula muda na hela ya mteja ni kutolijua gari lililo mbele yako.

Anza na taa ya upepo wa tairi kwenye dashibodi. Ikiwaka bila kupepesa, kuna tairi lenye upepo mdogo. Shika geji, pima yote, jaza kwa kipimo cha kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, si kile alichozoea mteja. Wengi wanakuja wameshaambiwa sensa imekufa, kumbe ni msumari. Taa ikipepesa kama dakika moja ndipo ikatulia, hapo mfumo wenyewe una hitilafu.

Yapo magari yasiyo na sensa yoyote ndani ya rimu. Yanatumia sensa za ABS, yaani za breki, zinazopima mwendo wa kila gurudumu, kwa sababu tairi lililopungua upepo huzunguka haraka kidogo kuliko mengine. Hayo unajaza upepo, unayaseti kwa kitufe au kwenye menyu, basi. Nimeshaona mtu ameuziwa sensa nne za gari la namna hii. Inauma.

Sasa masafa ya redio ya sensa, hapa ndipo Dar inapotuchanganya. Sensa za magari ya Japani na Marekani mara nyingi ni megahezi 315, za Uingereza mara nyingi 433, na yote yanashuka bandari moja. Kwa macho zinafanana. Soma maandishi kwenye mwili wa sensa ya zamani kabla hujamtuma mteja Kariakoo kutafuta spea. Ukifunga ya 433 kwenye gari la 315, mashine itakuambia imekubali, lakini gari halitaisikia hata siku moja.

Sensa ya zamani kama bado ina uhai, isome kwanza kwa mashine kisha nakili namba yake ya utambulisho kwenye mpya. Kompyuta ya gari haitajua kama kuna kilichobadilika. Ikiwa imekufa, unatengeneza namba mpya, na magari mengi ya Toyota yatataka uiingize kupitia soketi ya OBD, ile ya kuchomeka mashine kwenye kompyuta ya gari. Wakati wa kusoma, sogeza mbali magurudumu mengine yenye sensa. Ukiyalaza pembeni ya mguu wako, mashine inaweza kushika la chini badala ya lililo kwenye gari.

Betri imezibwa humo humo, haibadilishwi. Hudumu miaka 5 hadi 10 hivi. Moja ikifa kwa uzee, mwambie mteja kwamba nyingine ziko njiani, halafu aamue mwenyewe.

Magari ya Kigamboni na Msasani yanakula chumvi. Kwenye vali ya alumini usiweke kijisindano (kile cha ndani ya vali kinachozuia upepo) cha shaba tupu, vitagandana na vali itakatika siku ya kufungua. Tafuta kilichopakwa nikeli. Na fundi tairi mwenye mtarimbo aambiwe sensa iko nyuma ya vali kabla hajagonga.

Ukimaliza, liendeshe. Magari mengi hujifunza sensa mpya yakiwa kwenye mwendo, na foleni ya Barabara ya Mandela jioni haihesabiki kama mwendo. Taa ikigoma kuzimika, kague tairi la spea: baadhi ya magari yana sensa ya tano humo.