Vanishi inabanduka kwenye benchi la mvule

Pole, ndugu yangu. Umesema benchi la mvule ulilotengeneza mwenyewe, hapo barazani Bagamoyo, linabanduka vanishi kabla mwaka haujaisha, na unataka kupaka nyingine juu yake. Usifanye hivyo, ni kutupa hela.

Kwangua yote mpaka uone mbao. Piga msasa namba 80, kisha 120, malizia na 180, ukifuata nyuzi za mbao. Vaa barakoa: vumbi la mvule huwasha pua na ngozi, na kifua kikianza kubana, acha kazi uende hospitali. Halafu futa kwa kitambaa chenye tina (ile ya kuzimulia rangi), ikauke, upake hapo hapo. Mvule una mafuta yake ya asili, na mara nyingi hayo ndiyo yanayozuia vanishi kushika. Asubuhi yenye umande usipake, wala kwenye jua kali.

Kwa mahali panapopigwa jua na upepo wa chumvi, mimi ningechagua mafuta ya kitani yaliyochemshwa, yale yanayouzwa kwa jina la "boiled linseed oil". Hayang'ai sana, na masika huweza kuota ukungu, lakini hayabanduki. Yakififia unasugua kidogo na kupaka tena. Paka kiasi, subiri robo saa, futa yote yaliyobaki juu, la sivyo yatanata. Ukishikilia vanishi, basi iwe ya nje.

Vitambaa vya mafuta hayo usivirundike kabisa! Hupata joto na kuwaka vyenyewe. Vitandaze nje vikauke, au vitumbukize kwenye ndoo ya maji.