Fomu ya mizani: makarani wa korosho walivyonifunza kazi

Msimu wa kwanza nilipotengenezea chama cha msingi cha wakulima wa korosho kanzidata ya Access, programu ya Microsoft ya kutunza taarifa katika majedwali, nilijiona bingwa. Majedwali matatu, Wakulima, Mapokezi na Malipo, yamefungamana bila dosari. Kila jedwali nikalipatia fomu yake ya kujazia, nikaondoka.

Mizani ilipofunguliwa, karani ilimbidi afungue fomu ya wakulima, anakili namba ya mzee kwenye kipande cha karatasi, aifunge, afungue ya mapokezi, ndipo aandike kilo. Foleni ikafika barabarani. Siku ya pili akanipigia: "Fundi, huyu ni 118 au 181?" Alishaanza kubahatisha. Na mkulima anayeambiwa kilo zake zimesomeka kwa jirani, usimwombe subira.

Nikavunja fomu zote. Sasa ni moja: juu mkulima, chini fomu ndogo yenye mapokezi yake. Ukiziunganisha kwa namba ya mkulima pande zote mbili, Access hujaza namba hiyo yenyewe kwenye kila mstari mpya. Karani haioni, wala haimhusu.

Hapo nikadhani nimemaliza. Jioni moja tukajumlisha kilo za jedwali la Mapokezi, tukajumlisha tena mkulima kwa mkulima, hazikulingana. Mistari minne haikuwa na mwenyewe. Karani alikuwa kwenye ukurasa mtupu wa mkulima mpya, akarukia fomu ndogo kuandika kilo kabla ya jina. Mimi nilikuwa nikitegemea kwamba yale mafungamano ya majedwali yangemzuia. Kumbe yanakataa namba isiyokuwepo kwa Wakulima, lakini nafasi tupu yanaipitisha, na ile sifuri ambayo Access huiweka kama thamani ya awali, ambayo ingekataliwa kwa kuwa hakuna mkulima namba sifuri, nilishaifuta kwa kupenda usafi. Tiba yake ni dakika moja: katika Mapokezi, namba ya mkulima iwe sehemu ya lazima kujazwa. Fanya hivyo kwenye jedwali lenyewe, si kwenye fomu, maana kuna siku mtu atalifungua jedwali moja kwa moja. Atalifungua tu.

Kosa jingine lilinitia aibu zaidi. Niliweka orodha kunjuzi, ile inayofunguka ukiibofya, ya kutafutia mkulima, nikaifunga kwenye sehemu ya jina. Karani akichagua jina ili amtafute mtu, anabadilisha jina la aliyekuwa mbele yake! Orodha ya kutafutia isifungwe kwenye sehemu yoyote. Na ndani yake unganisha jina na kijiji katika safu moja, kwa sababu ukishachagua, kinachobaki kuonekana ni safu ya kwanza isiyofichwa tu, na kina Hamisi ni wengi. Safu ya namba iwepo, ila upana wake uwe sifuri.

Rangi na nembo achana nazo kwanza. Kaa nyuma ya karani uhesabu anashika kipanya mara ngapi. Wangu alishika mara tisa kwa mkulima mmoja. Nikapanga kitufe cha Tab kifuate stakabadhi yao ya karatasi, magunia, kilo, daraja, na tarehe ijijaze yenyewe. Sasa anashika mara moja, wakati wa kumtafuta mkulima, mkono mwingine uko kwenye kikombe cha chai.