Kinachopimwa ni Maji: Maswali Yenu Kuhusu MRI ya Mtawanyiko

Ripoti ya mama inasema ADC imeshuka sehemu moja ya ubongo. Mashine imeona seli zilizokufa?

Haikuona seli hata moja. Imepima mwendo wa maji, na ADC ni namba inayoonyesha maji yanasogea kwa urahisi kiasi gani. Kwenye joto la mwili, molekuli ya maji yaliyo huru husogea kama mikromita 17 kuelekea upande wowote mmoja ndani ya milisekunde 50. Ndani ya tishu hugonga utando wa seli na kuchelewa. Mshipa wa damu ukiziba, seli hukosa nishati, pampu zake za chumvi husimama, seli huvimba, na maji hubanwa. Ndipo ADC hushuka, mara nyingi ndani ya dakika chache. Lakini jipu lenye usaha mzito, au uvimbe wenye seli zilizosongamana, huishusha pia. Mwulize daktari dalili zilianza lini. Bila hilo namba ni nusu ya habari.

Hiyo namba hutoka wapi?

Mashine hupiga mipigo miwili ya sumaku, na wa pili hufuta kazi ya wa kwanza kwa maji yaliyotulia. Yaliyohama hayafutiwi sawasawa, hivyo ishara hufifia. Nguvu ya mipigo hiyo pamoja na muda wake hujumlishwa katika namba iitwayo thamani ya b. Tuseme b ni 1000, na ishara imeshuka kutoka 1000 hadi 500. Ishara imegawanyika mara 2; logi asilia ya 2 ni 0.69, igawe kwa b, yaani 1000, upate ADC ya milimita mraba 0.00069 kwa sekunde, karibu na ubongo wenye afya. Maji matupu yangebakiza ishara 50 hivi.

Nimeambiwa FA yangu iko chini. Nyuzi za neva zimeharibika?

Swali hili huja kila mara, na huwa linaletwa kwa hofu kuliko yote. Tensa ya mtawanyiko, modeli ya hesabu iliyotolewa mwaka 1994 na Basser, Mattiello na Le Bihan, huhitaji walau pande sita za kipimo, kisha hukadiria maji yanakwenda zaidi upande gani. FA ni muhtasari wake: 0 pande zote sawa, 1 upande mmoja tu.

Shida iko kwenye ukubwa. Kijisanduku kimoja cha picha huwa na upana wa milimita 2 hivi, na uzi wa neva mara nyingi ni kama mikromita moja. Humo mna maelfu kwa maelfu ya nyuzi. Vifurushi viwili vikikatizana humo, FA hushuka ingawa kila uzi ni mzima. Hata kifurushi dhaifu kikipungua kwenye makutano hayo, FA inaweza kupanda! Mimi neno "uimara wa nyuzi" kwenye ripoti hunikera. Limedai zaidi ya lililopimwa.

Je, modeli mpya kama NODDI hazijatatua hilo?

Kwa kiasi. NODDI, ya mwaka 2012, hutenganisha maji ya ndani ya nyuzi, ya nje yake, na yaliyo huru. Ila hukubali baadhi ya namba kabla ya kupima, kama kasi ya maji kandokando ya nyuzi, mikromita mraba 1.7 kwa milisekunde. Tishu ikikaidi dhana hiyo, kosa huhamia kwenye majibu mengine kimyakimya.

Naweza kulinganisha picha za hospitali mbili?

Mashine, thamani ya b na idadi ya pande zikitofautiana, usilinganishe namba moja kwa moja. Rudia kipimo pale pale, kwa mpangilio ule ule.