Re: Rimu 18x8.5, tairi saizi gani?

Mkuu, gari lililotoka na tairi za 205/55R16 (upana milimita 205, ukuta wa pembeni asilimia 55 ya upana huo, rimu ya inchi 16) ukilivalisha rimu za 18x8.5 (kipenyo inchi 18, upana 8.5), funga 225/40R18. Kipenyo cha tairi kinatoka milimita 632 hadi 637, spidomita haitadanganya. Usishawishiwe na 225/45R18: inafika 660, ukipakia watu nyuma itasugua madigadi.

Ofseti (ET), yaani milimita kati ya katikati ya upana wa rimu na uso unaofungwa kwenye gari, ndiyo inayoumiza wengi. Kutoka rimu ya 7J ET45 (upana inchi 7, ofseti 45) kwenda 8.5J ET35, rimu inatokeza nje milimita 29 na kusogea ndani 9. Kata usukani mpaka mwisho, kisha pitisha kidole kati ya tairi na shokapu. Namba ya mzigo, ile inayoandikwa ubavuni mwa tairi baada ya saizi, isipungue 91.

Ila kama hujalipia hizo rimu za 18, kwa njia za mawe za kupanda Mabatini chukua 17x8 na 225/45R17. Ukuta wa milimita 101 unaikinga rimu vizuri kuliko wa 90 wa 225/40R18.