Karatasi ya mkono kwa uchapaji: uliza gundi kabla ya rangi

Wengi wanaotaka kuchapa shairi, kadi au kijitabu kwenye karatasi ya mkono huanza kwa kuulizia rangi na kingo. Wanataka nyeupe ya maziwa, au ile yenye petali za maua zilizokaukia ndani. Mimi huchapa kwa herufi za madini ya risasi na vibao vya linoliamu vilivyochongwa, na neno langu la kwanza kwao ni hili: uliza kwanza gundi, yaani ile inayoizuia karatasi kunyonya wino na maji ovyo.

Fundi wa karatasi huchota rojo la nyuzi kwa wavu uliowambwa kwenye fremu, akautikisa ili nyuzi zishikane, akalaza ukurasa juu ya kitambaa cha sufu, kisha akaukamua maji. Ukurasa huo ukikaushwa hivyo hivyo utanyonya kila kinachougusa. Ndiyo maana Ulaya, kwa karne nyingi, karatasi ilichovywa katika gundi ya gelatini iliyochemshwa kutoka kwenye ngozi za wanyama. Leo viwanda vingi hutia gundi ndani ya rojo lenyewe. Karatasi yenye gundi nyingi ni ngumu, inapendeza kwa kalamu, lakini herufi ya risasi inahangaika nayo: wino unakaa juu juu, na ukiongeza nguvu ya mashine unaumiza herufi. Isiyo na gundi kabisa hupokea wino kwa upole sana, ila ukiilowesha hulegea na kuchanika mkononi. Ninayoitafuta mimi ni ya katikati, yenye gundi kidogo.

Kupima ni rahisi. Gusisha pembe ya karatasi kwenye ncha ya ulimi. Ikinata mara moja, haina gundi au inayo kidogo mno. Kama unaona haya kufanya hivyo dukani, omba kipande ukadondoshee tone la maji nyumbani, uangalie linachukua muda gani kuzama.

Kisha inyanyue kwenye mwanga wa dirisha. Ukiona mistari myembamba iliyobanana, ikikatwa na michache iliyoachana, ujue wavu wake ulikuwa wa nyaya zilizolazwa sambamba. Ukiona uso usio na mistari, wavu ulifumwa kama kitambaa. Tofauti hii si ya urembo tu. John Baskerville, mchapaji wa Birmingham, alipochapa mashairi ya Virgil mwaka 1757, sehemu ya kitabu aliichapa kwenye karatasi hiyo ya wavu wa kufumwa, ambayo kwa kawaida huhusishwa na James Whatman wa Kent, kwa sababu herufi zake zenye mistari myembamba kama nywele zilihitaji uso uliotulia. Kanuni hiyo naifuata hadi leo: kwa herufi nyembamba na ndogo, karatasi isiyo na mistari; kwa herufi nene, yoyote itafaa. Mwangani pia utaona mabonge. Karatasi yenye mabonge iache mezani kwako, usiilete kwenye mashine. Herufi ya risasi ina kimo cha milimita 23 na kidogo, na bonge dogo tu linatosha kuipondaponda. Hapo ndipo petali za maua zinaponishinda: ni karatasi nzuri ya kufungia zawadi, lakini kuchapia maneno madogo, hapana.

Hata karatasi safi haiwi na unene uleule ukurasa hadi ukurasa, maana mkono wa mtu hauchoti sawa kila mara. Zipange kwa unene kabla ya kuchapa, nzito pamoja na nyepesi pamoja, na ununue za ziada, walau moja kwa kila kumi.

Jambo ambalo wanaoanza hulikwepa ni kulowesha. William Morris, msanii wa Kiingereza aliyeanzisha karakana ya uchapaji ya Kelmscott Press huko Hammersmith, London, mwaka 1891, aliagiza karatasi ya matambara ya kitani kutoka kwa Joseph Batchelor wa Kent, akaichapa ikiwa na unyevu. Unyevu hulainisha nyuzi, wino ukashika kwa msukumo mdogo na weusi ukawa mzito, wa kweli. Mimi hulowesha ukurasa mmoja kila baada ya kurasa chache kavu, nikazirundika, nikazifunga kwa nailoni na kuziwekea uzito usiku kucha. Asubuhi zote zina unyevu sawa. Zichape pande zote mbili zingali hivyo, kwa kuwa karatasi ikikauka hunywea na maandishi ya nyuma hayatakaa sambamba na ya mbele. Ukiwa Mombasa, Tanga au Unguja, usiziache ndani ya nailoni siku nyingi. Kuvu ni mwepesi kuliko unavyodhani.

Kwa picha za vibao vya mbao au linoliamu bila mashine, ninaipenda karatasi ya Kijapani ya kozo. Nyuzi zake, za jamii ya mforsadi, ni ndefu mno, kwa hiyo ukurasa wa gramu 30 au 40 kwa mita ya mraba unastahimili kusuguliwa kwa kijiko kutoka nyuma. Ichape kavu, upande ulio laini. UNESCO iliuingiza ufundi huu wa karatasi kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2014, na ukishika karatasi hiyo mkononi utaelewa kwa nini.

Unapoagiza, muulize muuzaji mambo matatu: nyuzi ni za nini, gundi ni kiasi gani, na kama karatasi haina asidi. Pamba au kitani safi isiyo na asidi itadumu miaka mingi. Rojo la mbao lisilosafishwa hugeuka manjano na kukatika. Akishindwa kukujibu, nunua ukurasa mmoja tu, uchape, uache ukauke kwa wiki moja, ndipo uamue kuhusu rundo zima.